Saa za toleo maalumu: ipi ununue ukiwa Nairobi

Muuzaji wa saa ya toleo maalumu huanza kwa kuigeuza akuonyeshe namba iliyochongwa nyuma. Mimi huanza na swali: ikisimama, fundi wa River Road ataweza kuifungua na kuirudisha ikiwa nzima? Nimezipanga saa hizi kwa swali hilo. Ni saa za mashine tu. Za betri sizigusi.

Namba yenyewe nayo iwe na maana. Mwaka 2015 Omega walitoa Speedmaster ya Silver Snoopy vipande 1,970, kwa kuwa Apollo 13, chombo cha Marekani cha kwenda mwezini, kiliruka mwaka 1970. Usoni, kati ya sifuri na sekunde ya 14, kuna maneno yanayouliza ungeweza kufanya nini kwa sekunde 14. Ndizo sekunde ambazo wanaanga walipima kwa saa ya mkononi walipowasha injini kurekebisha njia ya kurudi duniani. Bei yake iko mbali na mifuko yetu wengi, kwa hiyo haimo humu, lakini ifanye kipimo chako. Kama toleo maalumu linatofautiana na la kawaida kwa rangi ya mshale wa sekunde tu, chukua la kawaida.

1. Seiko 5 Sports

Wazee wengi walivaa Seiko 5, na ile tano ni ahadi tano: kujijaza yenyewe, kustahimili maji, siku na tarehe katika dirisha moja, taji (kitufe cha pembeni cha kutia ufunguo) kwenye namba 4, kasha na mkanda imara. Taji likakaa pale, kwa kusoma kwetu penye saa kumi, kwa kuwa hukuhitaji kulizungusha kila asubuhi. Mkono ukitembea, saa inajitia ufunguo. Mwaka 2023, Seiko 5 Sports ilipotimiza miaka 55, walitoa vipande 15,555 vilivyofuata saa ya mwaka 1968, kasha la milimita 39.5. Hilo ndilo toleo maalumu ninalolipenda: umbo limetoka kwenye historia ya saa yenyewe.

Ndani kuna mashine ya 4R36, ile ile iliyo kwenye Seiko 5 Sports za kawaida, na hapo ndipo inapozishinda nyingine. Ya kwangu ilikuwa inakimbia sekunde 25 kwa siku. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda cha upana wa meza. Akabana lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akatazama kidogo tu. "Hii naijua, kijana wangu." Kwa ncha ya kibanio akagusa kijiti kilicho juu ya gurudumu linalopiga, msogeo ambao mimi sikuuona. "Haya. Rudi kesho kutwa uniambie, mimi sina haraka." Niliporudi ilikuwa inakimbia sekunde sita.

Ila ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa tano asubuhi inazimika, maana akiba yake ni saa 41. Na kioo chake, kile Seiko wanachokiita Hardlex, hukwaruzika. Cha kwangu kina mstari wa mlango wa matatu.

2. Seiko Presage Cocktail Time, matoleo ya Star Bar

Rangi za nyuso zake zimetokana na vinywaji vya Hisashi Kishi, mhudumu wa Star Bar, baa ya Ginza, Tokyo. Mistari hutoka katikati kama miale, na ukigeuza mkono uso mzima hubadilika, kutoka mwanga hadi giza. Alama za saa ni nyembamba, na sisi tunasoma kwa kuvuka upande wa pili, mshale ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja; kwa hiyo ijaribu mkononi uone kama jicho linashika haraka. Nyingi zina mashine ya ukoo wa 4R, fundi yule yule ataiweza. Ni ya harusini na ofisini, si ya kuogelea.

3. Tissot PRX Powermatic 80

Uso wa vimraba vilivyoinuka, kioo cha yakuti, akiba ya saa 80: ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Kwa uzuri ingekuwa ya kwanza. Imeshuka kwa sababu kasi yake hupangwa kwa leza kiwandani, na kile kijiti alichokigusa mzee hakimo. Mkanda nao umeungana na kasha, kwa hiyo mikanda ya kawaida ya mtaani haiingii.

4. Blancpain na Swatch, Fifty Fathoms

Ilitoka 2023, kila rangi ikiwa na jina la bahari kuu moja, na ya Bahari Hindi ni ya kijani. Jina linataja pima 50, kama mita 91. Haina hesabu ya vipande. Huuzwa katika maduka teule ya Swatch tu. Mashine yake, Sistem51, haikuundwa ifunguliwe na fundi. Ikifa, imekufa. Siishauri.

Ukiagiza nje, piga hesabu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei. Ukinunua kwa mtu, namba ya kwenye kadi ya dhamana ifanane na ya mgongoni. Jihadhari na Seiko 5 kuukuu zilizopakwa rangi upya na kuitwa adimu: tazama maandishi ya usoni kwa lenzi, kama kingo za herufi zimevimba, rudisha. Muuzaji wa kweli hakatai mkutane kwenye kibanda cha fundi, mfuniko ufunguliwe mbele yenu wote, ndipo utume M-Pesa.