Gari la rimoti la "mashindano", krauni ya plastiki

Mengine yote kwenye gari hili ningeyavumilia: taa za urembo, stika zinazobanduka, hata skrubu za msalaba zinazolika kichwa ukizifungua mara ya pili. Lakini krauni, ile gia kubwa ya difu ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, kunyolewa meno kwenye kiruko cha kimo cha goti, tena gari likiwa bado jipya, hapana. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni la mashindano ya nje ya lami. Mashindano ya wapi, ya sebuleni?

Ni la kipimo cha 1/10, linavuta magurudumu yote manne, mota yake haina brashi. Hayo mengine yasome kwenye boksi, ukiamua kuliamini.

Nilipofungua giaboksi ya nyuma nilikuta pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, haina hata mkwaruzo, kwa kuwa ni ya chuma. Krauni ni ya plastiki, na sehemu moja ya mzingo wake, upana wa ukucha, ilikuwa laini kama imepigwa msasa. Kwingine kote meno yapo, makali kabisa. Ukiona hivyo jua gia haikuchakaa, iliruka. Ingekuwa ni kuchakaa, meno yote yangeliwa kwa usawa. Nikaishika difu ikiwa bado kwenye kiota chake: inacheza kushoto na kulia, unaona kwa macho bila kupima. Kiwandani hawakuweka shimu, ile washa nyembamba ya kuziba nafasi, hata moja. Hata moja!

Sasa fikiria gari liko hewani na wewe bado umevuta triga. Magurudumu yanazunguka bila mzigo, kasi inapanda, halafu yanagusa ardhi na kukamatwa ghafla. Mshtuko wote unashukia meno mawili matatu ya krauni. Krauni ikiwa na nafasi ya kurudi nyuma, hata nusu milimita, meno yanakutana kwa ncha tu, na ncha ya plastiki mbele ya chuma haina ubishi. Ndiyo ile sauti ya krrr. Ukiisikia, achia triga papo hapo, kwa sababu kila mzunguko unaofuata unamwaga unga wa plastiki ndani ya grisi. Na ujifunze kuachia triga kabla gari halijatua, hata kama gari lako ni la bei ya pikipiki.

Dawa ni shimu. Difu hii inakaa kwenye beringi za 10x15x4, kwa hiyo shimu zenye tundu la milimita 10, unene wa 0.1 na 0.2. Ya kwanza inaingia mgongoni mwa krauni, kati ya difu na beringi, ili isukume meno yaende kwenye pinioni. Anza na 0.2, funga giaboksi, zungusha kwa mkono mzunguko mzima. Ikikaza mahali, punguza. Ikibaki na mchezo, ongeza 0.1. Ukimaliza upande huo ndipo uzibe nafasi iliyobaki upande wa pili. Grisi weka kidogo tu kwenye meno. Ukijaza, vumbi letu jekundu la Karen na Kikuyu linajichanganya humo na unakuwa umejitengenezea dawa ya kusaga gia. Kazi nzima haizidi nusu saa. Kiwandani ingewachukua dakika.

Nikaenda dukani, katikati ya jiji. Sikutaka kurudishiwa pesa, nilitaka krauni. Kijana wa kaunta akaitazama mara moja: "Boss, hii ni kitu ya watoto, wewe umeitesa." Nikamwuliza kama wana spea. Macho hayakutoka kwenye simu. "Nunua ingine."

Nunua ingine! Gari zima, kwa sababu ya gia inayopotea kwenye kiganja! Na boksi bado liko nyuma yake kwenye rafu, linajisifu kwamba gari linabeba betri ya 3S, yaani ya seli tatu. Kwa krauni ile 2S, ya seli mbili, tayari ni mtihani. Ukitoka volti 7.4 kwenda 11.1 usitegemee kurudi nyumbani na gari linalotembea.

Kwa hiyo kabla hujatoa M-Pesa, mwambie muuzaji akuwekee mezani krauni na pinioni, mikono ya mbele inayoshikilia magurudumu, gia kubwa ya mota na propela, yaani shafti za magurudumu. Si kukuahidi, kukuwekea. Akianza "itakuja wiki ijayo", toka. Mwenye duka anayejua kazi hata hatashangaa ukimwomba.

Nisiwe mbaya tu. Mikono ya gari hili ni mizuri ajabu. Ni ya nailoni laini, inapiga ukingo wa barabara, inapinda na kurudi. Tafadhali msiibadilishe na ya alumini kwa sababu inang'aa: mkono usiopinda unapeleka pigo kwenye kiota cha difu, na hicho kikipasuka gharama ni nyingine. Shokabu hazivuji. Beringi zilikuwa na vifuniko vya chuma vinavyopitisha vumbi, nikaweka za mpira. Kwa muuza beringi taja namba, 6700-2RS kwa difu na MR115-2RS kwa zile za 5x11x4, atakuelewa. Mota inachemka kiasi. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa nyembamba haipoozi vizuri, basi weka pinioni ya mota yenye jino moja au mawili pungufu.

Krauni ya chuma niliagiza nje, ikafika kwa wakati wake. Na hapo ndipo ninapoudhika upya, maana tangu niifunge, pamoja na shimu, gari linakimbia vizuri sana. Linatua, linashika, linaondoka. Mshtuko sasa umehamia kwenye pini za propela, zimeanza kuchimba vikombe vya difu, lakini hizo unaziona mapema na kuzibadilisha kabla ya mbio. Mtu akiniuliza kama alinunue, namwambia asinunue. Akiniuliza kama nauza langu, siuzi.

Gari nyota tatu. Nilikuwa nimeandika mbili, mikono imeongeza moja. Duka halipati kitu.