Kozi ya modeli za magonjwa: ticha moto, ratiba hovyo

Wale mnaoniuliza kuhusu ile kozi ya wiki moja ya modeli za magonjwa ya kuambukiza, nendeni tu, ila mjue mnachokwenda kukutana nacho. Ticha mwenyewe yuko vizuri sana. Hakuanza na kalkulasi, alifungua Excel akaleta data za mafua ya 1978 kwenye shule moja ya bweni Uingereza, wavulana 763 na zaidi ya 500 wakaishia kitandani, akatugawia watu mafungu matatu, wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, waliopona, mambo ya wale watafiti Kermack na McKendrick ya 1927 hayo, halafu kila mtu acheze na namba zake mpaka grafu ifanane na data.

Nilichokipenda zaidi, ukiongeza kasi ya kuambukiza mara mbili na kupunguza siku za kuugua kwa nusu, R0 (yaani wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza pale ambapo bado hakuna mwenye kinga) haibadiliki na jumla ya wagonjwa ni ileile, ila mlipuko unafika kileleni mapema zaidi. Hapo ndo darasa zima likanyamaza, aisee. Na surua yenye R0 ya 12 hadi 18 ndo ukaelewa kwa nini wanataka watu wenye kinga wapite asilimia 90.

Sasa kero. Siku ya R, ile programu ya kompyuta ya takwimu, asubuhi yote ilikwisha kwenye kuinstoo maana waifai ilikuwa inajikongoja, mada ya malaria na mbu wake ikasukumiwa saa ya mwisho wakati watu washachoka. Nyota nne. Laptop yako iandae nyumbani kabisa.