Gari jeusi lenye rangi laini: pedi za kumalizia, na kwa nini bluu ilinitia hasara

Kilichoniuma si zile shilingi 60,000 za pedi. Kilichoniuma ni boneti ya Toyota Crown yangu nyeusi. Jioni nilipomaliza kuing'arisha ilikuwa inaonyesha mpaka nyaya za umeme za mtaani, na kesho yake saa nne asubuhi, jua lilipopanda, ikawa imetanda ukungu wa kijivu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hakukuwa na mkwaruzo wa kushika kwa kidole. Weusi tu ulikuwa umekufa.

Pedi ni ile sponji ya mviringo inayobandikwa kwenye mashine ya kung'arisha rangi. Nilikuwa nimezoea ya bluu ya 3M, ile ya Ultrafina, laini kuliko zote katika safu yao. Ilipochakaa nikaenda Kariakoo, muuzaji akanipa seti ya pedi tatu za bluu zisizo na jina. “Dada, bluu ndiyo ya mwisho, hata mafundi wanajua.” Nikamwamini, kwa kuwa nami niliamini hivyohivyo. Kumbe zile zilikuwa zimeigwa kutoka bluu ya kiwanda cha Rupes, na bluu ya Rupes ndiyo ngumu kuliko zote, ya kukatia mikwaruzo mizito.

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu ukungu karibu wote huanza na swali la mashine. Ngapi wati, imetoka nchi gani, ni ya kuzunguka tu au ya kuyumba, yaani inayozunguka huku ikicheza pembeni. Pedi huitaja mwishoni, kama vile sponji zote ni sponji. Kwa gari jeupe au la fedha unaweza kuponea hapo. Kwa jeusi lenye rangi laini, inayochubuka upesi, huponi.

Hakuna sheria ya rangi za pedi. Kila kiwanda kina lugha yake. Njano ya Rupes ni ya kulainisha, wakati njano ya Lake Country katika safu ya CCS ni ya kukata, na ya Meguiar's iko katikati. Lake Country wenyewe hawana bluu moja: ya CCS ni laini, ya HDO ni ya kukata. Kwa hiyo mtu akikwambia “nunua ya njano”, mwulize ya nani. Kama hajui, usinunue.

Dukani ninapima hivi: natoa pedi kwenye nailoni, naibonyeza katikati kwa kidole gumba. Ya kumalizia inazama bila kubisha na kurudi taratibu. Ikikusukuma kidole irudi kwa nguvu, hiyo ni ya kukata hata kama wameandika nini. Kisha naipitisha kavu upande wa ndani wa mkono, na ikikwaruza ngozi nairudisha. Muuzaji anayekukataza kufungua nailoni, mwachie mzigo wake.

Sasa kuhusu rangi yenyewe ya gari. Angalia kibao ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, utafute herufi C/TR. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota, isiyo na chenga za kumetameta, na inajulikana kwa ulaini mpaka huko Japani inakotoka. Nyingi za zamani hazina klia juu, ile rangi ya uwazi inayofunika rangi yenyewe. Futa sehemu ndogo kwa polishi na kitambaa cheupe: kikitoka cheusi, unasugua rangi yenyewe. Maana yake kila unachokwangua kinaingia kwenye sponji, sponji inajaa, na hapo sponji iliyojaa ndiyo inayochora ukungu. Hata pedi bora duniani ikishashiba inakuwa msasa. Ndiyo maana nasema nunua pedi sita kabla ya kununua mashine ya pili. Mimi nabadilisha kila paneli mbili, na kila baada ya kipande cha sentimita 40 kwa 40 naipiga brashi mpaka vumbi liishe.

Namba moja kwangu, bila kusitasita, ni Rupes nyeupe, pamoja na njano yao. Hao ni Waitaliano walioanza mwaka 1947, na kwenye pedi za mashine ya kuyumba sijaona wa kunibadilisha mawazo. Njano peke yake na polishi ya kumalizia hunitolea alama za kitambaa na za kuoshea gari. Nyeupe ninaiweka kwa mzunguko wa mwisho, spidi ya 3, uzito wa mashine yenyewe tu, mkono wangu hauongezi kitu. Sponji yake inasafishika kwa brashi haraka, na kwa 202 hilo ni nusu ya kazi. Ni ghali, najua. Bado ningenunua mbili za Rupes kuliko sita nisizozijua.

Inafuata nyeusi ya Meguiar's. Ni laini kweli, na ikiwa na M205, polishi yao ya kumalizia, inakwenda vizuri sana. Kumbuka tu chembe za M205 hazisagiki kadiri unavyosugua, kwa hiyo usingoje polishi ijilainishe yenyewe. Wewe ndiye unayepunguza mkandamizo kwenye mipito miwili ya mwisho.

Ya tatu ni bluu ya 3M. Sina kinyongo nayo, lakini hakikisha ni ya 3M. Lake Country nyeusi ningeiweka juu zaidi kama ingekuwa inapatikana bila kumsumbua ndugu aliyeko nje.

Pedi za nyuzi, zile kama taulo, na za manyoya usiziguse kwa hatua ya mwisho. Zinakata haraka, na kwenye rangi laini zinaacha ukungu. Za bei ya chini zisizo na jina: pima kwa kidole, tumia kupakia nta, basi.

Upande wa polishi, Menzerna 3800 ndiyo niipendayo, halafu M205. Zipo polishi zenye mafuta mengi yanayojaza mikwaruzo. Gari linang'aa siku ya kwanza, ukiliosha mara tatu ukungu unarudi. Ndivyo ile boneti yangu ilivyonidanganya jioni ile. Ili uyafute mafuta hayo uone rangi ilivyo kweli, changanya spiriti ya isopropili na maji, spiriti isizidi sehemu moja kwa tisa za maji, pulizia, futa kwa taulo laini, kisha mulika kwa taa ya simu kwa pembeni. Usiizidishe, maana rangi laini hata spiriti inaichosha.

Mashine yoyote ya kuyumba, inayoyumba kwa milimita 15, inatosha. Ile ya kuzunguka tu mpe fundi mzoefu. Na ukiletewa mashine kutoka Marekani angalia volti. Ya 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 itaungua.

Niseme na hili la wauzaji. Kuna maduka yanapima kompaundi, ile polishi kali ya kukatia, kutoka ndoo kubwa na kuiweka kwenye chupa ya maji isiyo na lebo. Ukiuliza ni namba ngapi unajibiwa “ya magari”. Mtu amehifadhi hela miezi mitano, amenunua gari, anapewa uji wa kijivu ambao huenda ni wa kuondolea alama za msasa, aupake juu ya 202. Bei nayo inapanda kila ukionekana una gari jeusi, kana kwamba weusi ni dalili ya hela. Nimewahi kutajiwa bei mbili za pedi ileile, duka lilelile, kwa sababu mara ya pili nilikwenda na gari. Siku hizi naliacha nyumbani, napanda daladala.

Ile boneti niliirudia Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi kabla bati halijapata joto, kwa Rupes njano na 3800, halafu nyeupe mbili mpya. Nimeshaliosha gari mara sita. Saa nne ikifika natoka nje kuitazama, na nyaya za umeme bado zinaonekana.