Kifuniko cha Tangi la Samaki Warukaji: Tazama Pembe Kabla ya Bei

Malalamiko ninayoletewa na wafugaji wa samaki wa baharini wa jamii ya Labridae yanafanana mno: dume la Cirrhilabrus, mmoja wa samaki wa jamii hiyo, lenye rangi za kuvutia na lililonunuliwa kwa fedha nyingi, linakutwa asubuhi limekauka sakafuni, ilhali tangi lilikuwa na kifuniko. Ndiyo maana sitazungumzia hapa urembo wa vifuniko wala uimara wake, bali nafasi zinazoachwa pembeni ili nyaya za pampu na mabomba yapite.

Samaki hawa huruka taa inapozimwa ghafla, au wanapofukuzwa na mwenzao mkali wa jamii hiyohiyo kama Pseudocheilinus hexataenia. Paracheilinus, mwingine wa jamii hiyo, naye ana umbo jembamba, na upenyo wa upana wa vidole viwili unamtosha kabisa. Aliyefukuzwa hukimbilia pembeni, na pembeni ndiko upenyo ulipo.

Nafasi ya kwanza naipa Red Sea, kampuni ya vifaa vya matangi ya samaki, kwa wavu wake mwangavu unaokazwa katika fremu ya alumini. Mnunuzi huukata mwenyewe kulingana na tangi lake, matumbawe hupata mwanga wa kutosha, hewa hupita bila kizuizi, na palipo na waya panaweza kuzungushiwa fremu ndogo ili upenyo uwe mdogo. Sijaona kifuniko kinachoikaribia kazi hiyo.

Kioo ni cha pili. Humzuia samaki barabara, lakini huhifadhi joto, hupunguza mzunguko wa hewa, na chumvi inayokaukia juu yake hufifisha mwanga usiposafishwa mara kwa mara. Akriliki naiweka ya tatu kwa sababu hunyonya unyevu na kupinda, hivyo ukingo uliokuwa umefungika huinuka taratibu pasipo mtu kutambua.

Gridi za plastiki za kufunikia taa ni rahisi, lakini matundu yake ni makubwa kwa samaki wembamba.

Linaloniudhi ni wauzaji wanaotangaza kifuniko kwa vipimo vya nje vya tangi, ilhali fremu nyingi hukaa ndani ya ukingo. Mnunuzi hulipa, hupokea kifuniko kisichoenea, kisha huambiwa kwamba bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi. Wauzaji haohao huuliza ukubwa wa tangi kabla ya kumuuza samaki, wala hawaulizi kama limefunikwa. Basi pima ndani ya ukingo, katika ncha zote mbili na katikati, na udai vipimo vya fremu kwa maandishi kabla ya kulipa.