Filimbi ya mguno kwa kulungu dume aliyekomaa: nimeitumia, nasema hivi

Hii ni filimbi ya kuiga mguno wa kulungu dume ili umvute karibu. Nimewinda nayo msimu mzima, kulungu wale wa mkia mweupe wa Amerika ya Kaskazini, na kwa dume wa miaka minne, mitano kwenda juu, sijashika filimbi nyingine inayoifikia.

Ni bomba fupi la plastiki linaloenea kiganjani, ndani ulimi mwembamba, mbele mpira wa mikunjo. Uzuri wake wote uko kwenye pete ndogo ya mpira iliyofungwa juu ya ulimi. Ukiisogeza, sehemu ya ulimi inayotetema inaongezeka au kupungua: ikiwa fupi unapata mguno wa dume kijana, ikiwa ndefu sauti inashuka na kuwa nzito. Wengi hukimbilia ile nzito kabisa. Mimi naiweka katikati. Mguno wa wastani unamwambia mzee kwamba kuna kijana anamnyemelea jike karibu hapo, na siku za kuelekea kilele cha kupandana, ambacho sehemu kubwa ya kaskazini mwa Marekani huwa katikati ya Novemba, hilo halimpi raha hata kidogo.

Kingine, inaitikia pumzi ndogo. Nyingine nilizowahi kutumia hutaka uvimbishe mashavu ndipo zitoe sauti. Hii unaguna mara mbili, kwa ufupi, na sauti inatoka nzima. Dume akiwa anakwenda zake kati ya miti, guna, kisha mwangalie masikio. Akisimama na kugeuza sikio upande wako, amesikia. Acha hapo hapo. Ukizidi kuguna huku anatazama, atajua sauti inatoka wapi, na asipomwona kulungu mahali hapo umeshamkosa. Asiposimama, ongeza nguvu kidogo.

Ila upepo hauna dawa. Dume mzee haji moja kwa moja kwenye sauti. Anazunguka kwanza mpaka harufu imfikie. Kwa hiyo mimi hukaa nyuma yangu kukiwa na mto au korongo upande unakokwenda upepo, ili njia pekee ya kuzunguka impitishe mbele yangu.

Kasoro zipo. Kwenye baridi kali mvuke wa pumzi unaganda kwenye ulimi na sauti inakatika katikati ya mguno, kwa hiyo ihifadhi ndani ya koti, karibu na mwili. Mikunjo ya mpira nayo hukwaruza nguo, nimeizungushia kitambaa. Kopo la mlio wa jike, lile unaloligeuza likalia kama jike, linalouzwa pamoja nayo ni la kawaida tu.

Na dume akishampata jike, hambanduki. Siku hizo sihangaiki kuguna. Naiacha filimbi mfukoni nakwenda kukaa wanakolisha majike.