Tahadhari: wauzaji wa cheti cha Security+ "bila mtihani"

Ndugu zangu mnaosomea usalama wa mitandao ya kompyuta, ninaandika haya baada ya kutapeliwa shilingi laki sita na mtu aliyejitambulisha katika kundi letu la WhatsApp kuwa wakala wa mitihani, na ambaye simu yake sasa haipatikani. Aliniahidi cheti cha Security+, kile cha msingi cha usalama wa mitandao kinachotolewa na shirika la CompTIA, ndani ya siku saba bila kufanya mtihani, nusu ya malipo ikitangulia na nusu nikishaonyeshwa cheti. Nakiri kwamba nilipaswa kushtuka papo hapo, lakini kulikuwa na nafasi ya kazi inayofungwa mwisho wa mwezi, na tamaa ikanizidi.

Cheti chenyewe kilipendeza, kikiwa na nembo, sahihi na hata mhuri wa rangi ya dhahabu. Kilichonizindua, tayari nikiwa nimemaliza kulipa, ni maneno "asilimia 92", kwa maana mtihani ule hautoi alama kwa asilimia: alama zake ni kuanzia 100 hadi 900, na anayefaulu ni aliyefikisha 750. Kiungo alichonipa cha kuhakikishia namba ya cheti kilifungua ukurasa unaofanana na wa CompTIA, ila anwani yake ilikuwa imezidishwa herufi moja. Nilipoingiza namba ileile katika tovuti halisi, haikutambuliwa.

Linaloniuma kuliko fedha ni kwamba nilikuwa nimempa nakala ya pasipoti yangu pamoja na nywila ya akaunti yangu ya Pearson VUE, ambako mitihani hiyo huandikishwa. Wapo matapeli ambao kweli humweka mtu mwingine akufanyie mtihani kwa jina lako, na hilo likigundulika unafutiwa cheti na kufungiwa wewe, si wao.

Wengine wanawauzia vijana waliomaliza chuo juzi cheti cha CISSP, ambacho ni cha ngazi ya juu zaidi katika usalama wa mitandao, ilhali ISC2, shirika linalokitoa, haimpi mtu cheti hicho kwa kufaulu mtihani pekee: humtaka awe na uzoefu wa kazi wa miaka mitano, ambao shahada inaweza kupunguza mwaka mmoja tu, na athibitishwe na mwenye cheti cha ISC2.

Nimebadilisha nywila na kutoa taarifa polisi. Jana tangazo lilelile limeonekana katika kundi jingine, kwa jina jipya, na bei imeshuka hadi laki nne.