The Lion King ya 1994: kabla hujaiangalia tena, shika rimoti

Assalamu alaykum watazamaji, mlioko Unguja, Pemba na ng'ambo. Leo tunaichambua The Lion King, ile katuni ya 1994 iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, kwa ajili ya walioiona utotoni kwenye deki na sasa wanataka kuirudia. Nasema mapema: filamu bado ina nguvu. Ila wewe uliyeiona kwa mkanda, hukuiona yote.

TV za zamani zilikuwa karibu mraba, basi picha ilikatwa pembeni ili ienee. Na kasi nayo ilibadilika. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde, lakini mikanda ya PAL, mfumo wa video wa TV zetu za zamani, huenda 25. Dakika 88 zikawa kama 84 na nusu, na sauti zote zikapanda kidogo. Ule uzito wa sauti ya James Earl Jones, anayemsemea mfalme Mufasa, ulipungua.

Sasa yakhe, usiiweke kwenye TV bapa vile vile ilivyotoka dukani Darajani. Ingia mipangilio ya picha, toa Vivid, weka Movie au Cinema. Halafu zima kinacholainisha mwendo: LG hukiita TruMotion, Sony Motionflow. Katuni za mkono mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. TV ikijibunia michoro ya katikati, vidole vya Timon vinaota vivuli na mistari inatetereka. Na kama faili lako la flashi ni la mraba, liache hivyo hivyo na weusi wake pembeni. Ukilivuta, Mufasa anakuwa pipa.

Kagua pia toleo. Zazu, yule ndege mtumishi, anapompa mfalme taarifa ya asubuhi, akianza kuimba, ujue ni toleo lililoongezwa wimbo, lililokuja na DVD ya 2003. Anayeimba hapo si Rowan Atkinson, mwenye sauti ya Zazu, na mwendo wa kisa unazorota. Tafuta lile analozungumza tu.

Haya, korongoni, nyumbu wanapotimka. Hapo ndipo pa kusimamisha picha. Tukio ni la dakika mbili na nusu hivi, na kazi yake ilichukua karibu miaka mitatu. Nyumbu walitengenezwa kwa kompyuta, kukaandikwa programu ya kuwaongoza mamia wakimbie bila kugongana, kisha wakatiwa rangi na mistari wafanane na michoro ya mkono. Tazama wanavyoteremka genge: kila mmoja na hatua yake. Wenye watoto wadogo, Mufasa anakufa papo hapo, kabla ya nusu ya filamu, na kamera haikwepi maiti.

Udhaifu upo. Simba anakua mtu mzima ndani ya wimbo mmoja, na utawala wa Scar, ndugu wa Mufasa aliyenyakua ufalme, tunauona umeshaharibika bila kuoneshwa ulivyoharibika.

Kwenye sabufa, besi iweke kati. Ukiijaza, ngoma zinameza minong'ono ya Jeremy Irons, mwenye sauti ya Scar, na Scar bila minong'ono hatishi.

Mtauliza ile iliyotengenezwa upya 2019. Ni dakika 118, manyoya yanavutia kweli, lakini sura za simba wa kompyuta waliofanywa kama halisi hazioneshi hasira wala dharau. Kwa Scar, hiyo ni hasara kubwa.